Namna ya Kujitengenezea Kichujio cha Hisa za DSE kwa Kutumia Viashiria vya Bei

Soko la Hisa la Dar es Salaam, DSE kama tulivyozoea kuliita, lilianza kuuza hisa mwezi Aprili 1998 likiwa na kampuni moja tu, TOL, na hata leo orodha yake yote ya hisa inaenea katika jedwali moja la taarifa ya siku. Mtu ana haki ya kuuliza kichujio, yaani orodha ya masharti ya kuchagulia hisa, ni cha nini basi, ikiwa wenye maelfu ya kampuni za kupepeta ni wenzetu wa New York. Jibu ni kwamba hapa kwetu kichujio kina kazi nyingine: kinakuzuia usiamini bei ambayo si bei. Baadhi ya kampuni za DSE hupitisha siku nyingi bila hisa hata moja kuuzwa, na bado taarifa huonyesha bei ya kufunga kana kwamba soko limesema jambo. Viashiria vya kiufundi, yaani vipimo vinavyokokotolewa kutokana na bei na kiasi cha mauzo, vilibuniwa kwa masoko ambayo mauzo hayakauki kutwa nzima. Ukivileta hapa kama vilivyo, vitakupa majibu yenye desimali nzuri na maana kidogo.

Mwongozo huu ni kwa mwekezaji wa kawaida wa Tanga, awe mwalimu wa Makorora, wakala wa forodha bandarini au mwanachama wa kikundi cha uwekezaji cha Ngamiani, mwenye kompyuta yenye Excel au programu nyingine ya majedwali, na mwenye muda kidogo kila jioni. Hauhitaji ujuzi wa kuandika programu. Wala haumwambii mtu anunue hisa gani, kwa kuwa kazi hiyo ina wenyewe, nao ni madalali na washauri waliopewa leseni na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana.

Hatua ya kwanza: andika sentensi kabla ya fomula

Kabla hujafungua kompyuta, chukua karatasi uandike kwa Kiswahili cha kawaida hisa unayoitafuta ikoje. Sentensi yetu katika mwongozo huu itakuwa hii: "Ninataka hisa inayouzwa siku nyingi na watu wengi, ambayo bei yake imekuwa ikipanda kwa wiki kadhaa, lakini haijapanda kwa pupa." Kila kipande cha sentensi kitageuka kuwa sharti moja la kichujio. Kipande ambacho huwezi kukigeuza kuwa namba, kama vile "kampuni nzuri" au "yenye uongozi imara", kiondoe na ukihifadhi kwa ajili ya hatua ya mwisho, ambako kuna nafasi ya kutumia macho na akili.

Hatua hii inadharauliwa sana. Wengi huanza na kiashiria walichokisikia kwa jirani, wakaongeza cha pili na cha tatu, na mwishowe wana fomula ndefu ambayo hawawezi kuieleza. Ukiulizwa kwa nini sharti fulani limo na ukakosa jibu la sentensi moja, lifute.

Hatua ya pili: kusanya takwimu zilizo safi

DSE hutoa taarifa ya soko kila siku ya kazi katika tovuti yake, na ndani yake kuna bei ya kufunga ya kila hisa, idadi ya hisa zilizouzwa, thamani ya mauzo kwa shilingi na idadi ya miamala. Fungua karatasi moja ya Excel kwa kila kampuni, uipe jina la alama ya kampuni hiyo sokoni (CRDB, NMB, TCCL na kadhalika), kisha panga safu tano: A iwe tarehe, B bei ya kufunga, C idadi ya hisa zilizouzwa, D thamani ya mauzo, E idadi ya miamala. Mstari wa kwanza uwe wa vichwa, na takwimu zianzie mstari wa pili, siku ya zamani zaidi ikiwa juu.

Yako mambo manne yanayoharibu kazi hii mapema. La kwanza ni tarehe. Ukiandika 03/07/2025, kompyuta iliyopangwa kwa mtindo wa Marekani itasoma tarehe 7 Machi badala ya 3 Julai, na ukiandika 25/07/2025 itashindwa kuisoma na kuiacha kama maneno tu. Badilisha mpangilio wa tarehe kwanza, kisha hakikisha kwamba kila tarehe imejipanga upande wa kulia wa kisanduku, maana maneno hukaa kushoto. La pili ni sikukuu. Soko likifungwa kwa ajili ya Muungano, Sabasaba, Nanenane au Idi, usiweke mstari wowote. Tunahesabu siku za soko, hatuhesabu siku za kalenda. Lakini soko likiwa wazi na hisa yako isiuzwe, mstari uwepo, na mauzo yawe sifuri. Tofauti ya siku hizi mbili ndiyo itakayobeba hatua ya tatu.

La tatu ni alama zilizobadilika. Kiwanda cha saruji cha hapa kwetu Pongwe, yaani Tanga Cement, kilichoorodheshwa mwaka 2002, katika taarifa za zamani kilijulikana kwa alama ya SIMBA na baadaye kikawa TCCL. Mwenzake wa Wazo Hill alikuwa TWIGA, akawa TPCC. Ukitafuta alama mpya peke yake utadhani kampuni imezaliwa juzi. La nne ni kampuni zilizoorodheshwa kwanza Nairobi, kama KCB, EABL na Kenya Airways. Hizi ziache nje ya jedwali kabisa, kwa kuwa biashara yake yenyewe iko kule, na bei inayoonekana Dar es Salaam inaweza kubaki palepale huku ya Nairobi imekwenda mbali.

Hatifungani, yaani mikopo yenye riba ambayo wawekezaji huzikopesha kampuni, taasisi au serikali, nazo haziingii humu. Wapo waliouliza juu ya ile hatifungani ya kijani ya Tanga-UWASA, mamlaka yetu ya maji, ya mwaka 2024, iliyolenga kukusanya shilingi bilioni 53.12. Ni uwekezaji halali na wa nyumbani, lakini bei yake huongozwa na riba na muda uliobaki hadi kuiva, na viashiria vya mwendo wa bei havina la kusema hapo.

Unahitaji siku za soko zisizopungua 250 kwa kila kampuni, yaani takriban mwaka mmoja, na miaka mitatu ni bora zaidi. Katika kikundi, gawaneni kampuni: kila mtu mbili au tatu, na mtu mmoja apitie kazi ya mwenzake. Kosa la kawaida ni sifuri moja kuzidi au kupungua, nalo huonekana upesi ukichora grafu ya safu B.

Hatua ya tatu: chuja ukwasi kwanza

Hapa ndipo mwongozo huu unapoachana na mingi iliyoandikwa kwa ajili ya masoko makubwa, ambayo huweka ukwasi, yaani urahisi wa kununua na kuuza hisa sokoni, mwishoni kama kiungo cha ziada. Kwa DSE, ukwasi uwe sharti la kwanza, kwa sababu masharti mengine yote yanasimama juu yake.

Kwenye safu F, mstari wa 21, andika:

=COUNTIF(C2:C21,">0")

Fomula hii inahesabu ni siku ngapi kati ya 20 zilizopita hisa iliuzwa kweli. Inakili hadi chini. Kisha kwenye safu G, mstari wa 21:

=MEDIAN(D2:D21)

Hii inatafuta namba ya katikati ya thamani ya mauzo, ile inayokaa kati ukizipanga siku 20 kutoka ndogo hadi kubwa. Usitumie wastani wa kawaida hapa. Tuseme hisa fulani iliuzwa kwa shilingi milioni 2 kila siku kwa siku 19, na siku moja ikauzwa kwa milioni 900. Wastani utasoma milioni 46.9 kwa siku, na utaona kampuni yenye soko motomoto. Namba ya katikati itasoma milioni 2, ambayo ndiyo hali halisi. Siku za namna hiyo si ajabu DSE, kwa kuwa soko lina utaratibu wa mauzo makubwa ambayo mnunuzi na muuzaji wamepatana kabla, na mauzo hayo hayamwambii chochote mtu anayetaka kuuza hisa zake 500 Jumanne asubuhi.

Kiwango gani kinatosha? Ninapendelea kukipima kwa mfuko wa mnunuzi mwenyewe: namba ya katikati ya mauzo ya siku iwe angalau mara 10 ya kiasi unachokusudia kununua. Mwenye shilingi milioni 1 atafute hisa yenye mauzo ya milioni 10 kwa siku. Kikundi chenye milioni 20 kitajikuta kimebakiwa na kampuni chache sana, nacho kikubali hivyo, maana aliyenunua kwa urahisi wakati wa furaha ndiye huyo atakayetafuta mnunuzi wakati wa hofu. Siku zenye mauzo ziwe 15 kati ya 20. Ongeza pia idadi ya miamala, namba yake ya katikati isiwe chini ya 5, kwa sababu mauzo ya milioni 10 yaliyofanywa na mtu mmoja ni maoni ya mtu mmoja.

Ukishaweka masharti haya matatu, jedwali litafupika ghafla. Mtu wa Tanga atatazama kwanza kama saruji ya Pongwe imepita, na zipo nyakati ambazo haitapita. "Mwalimu, mbona hii yetu imekatwa, na kiwanda kinafanya kazi usiku na mchana?" Swali hilo litaulizwa katika kila kikundi. Kichujio hakisemi kitu juu ya kiwanda wala juu ya saruji. Kinachosema ni kwamba hisa zake hazikuuzwa vya kutosha katika siku 20 zilizopita ili bei yake ichambuliwe kwa njia hii. Mwenye sababu nyingine za kuishika hisa hiyo, kama gawio au imani katika ujenzi wa nchi, aendelee nazo kwa hesabu nyingine.

Hatua ya nne: wastani unaosogea

Wastani unaosogea ni wastani wa bei za siku kadhaa zilizopita, unaokokotolewa upya kila siku kwa kuongeza siku mpya na kuitupa ya zamani. Safu H, mstari wa 21:

=AVERAGE(B2:B21)

Safu I, mstari wa 51:

=AVERAGE(B2:B51)

Bei ikiwa juu ya wastani wa siku 20, na wastani wa siku 20 ukiwa juu ya wa siku 50, tunasema mwelekeo ni wa kupanda. Hakuna uchawi katika namba 20 na 50. Ya kwanza ni takriban mwezi wa soko, ya pili ni miezi miwili na nusu. Wengi hutumia pia siku 200, nami sioni ubaya wake kwa hisa za benki kubwa ambazo huuzwa kila siku.

Kumbuka tu kwamba wastani huchelewa daima. Hauwezi kukuambia bei itageuka, unakuambia kwamba imekwisha kugeuka. Na pale bei inapocheza juu na chini bila mwelekeo, ishara zake huwa ni za waja leo waondoka leo: leo hisa imepita, keshokutwa imetoka, na aliyekuwa akinunua na kuuza kwa kila ishara amemlipa dalali ada mara nne.

Hatua ya tano: RSI, na ugonjwa wake wa Dar es Salaam

RSI ni kipimo cha nguvu ya mwendo wa bei, kilichobuniwa na Mmarekani J. Welles Wilder mwaka 1978. Kinalinganisha wastani wa kupanda na wastani wa kushuka kwa siku 14, na jibu lake huwa kati ya 0 na 100. Kwa desturi, juu ya 70 husomwa kuwa hisa imenunuliwa kupita kiasi, na chini ya 30 kuwa imeuzwa kupita kiasi.

Safu J, mstari wa 3, weka kiasi cha kupanda:

=MAX(B3-B2,0)

Safu K, mstari wa 3, weka kiasi cha kushuka:

=MAX(B2-B3,0)

Safu L, mstari wa 16, wastani wa kwanza wa kupanda:

=AVERAGE(J3:J16)

Kuanzia mstari wa 17 fomula inabadilika, na hapa ndipo wengi hukosea kwa kuendelea na AVERAGE. Wilder hakutupa siku ya zamani ghafla, aliifanya ififie polepole:

=(L16*13+J17)/14

Fanya vivyo hivyo katika safu M kwa kutumia K badala ya J. Kisha safu N, mstari wa 16, andika RSI yenyewe:

=IF(L16+M16=0,"",100*L16/(L16+M16))

Tujaribu kwa namba. Chukua hisa ya kubuni ambayo wastani wake wa kupanda ni shilingi 6 na wa kushuka ni shilingi 4. RSI ni 100 × 6 ÷ 10, yaani 60. Kesho bei ikapanda shilingi 20: wastani wa kupanda unakuwa (6 × 13 + 20) ÷ 14, ambayo ni 7 kamili, wa kushuka unakuwa (4 × 13 + 0) ÷ 14, ambayo ni 3.71. RSI sasa ni 65.3. Mpaka hapo kila kitu ni sawa.

Sasa badala ya kupanda, kesho hisa isiuzwe kabisa na bei ibaki ilivyo. Wastani wa kupanda unakuwa 5.57, wa kushuka 3.71, na RSI ni 60 ileile. Siku ya pili bila mauzo, 60. Wiki ya tatu bila mauzo, bado 60, kwa sababu namba mbili zinapungua kwa uwiano uleule. Kipimo kimeganda na hakitoi dalili yoyote kwamba kimeganda. Ingekuwa ni hisa iliyokuwa na 28 ilipoacha kuuzwa, jedwali lingeendelea kukuambia wiki nzima kwamba imeuzwa kupita kiasi, kumbe hakuna aliyeuza hata moja. Nadhani hiki ndicho chanzo cha ishara nyingi za uongo ambazo watu huzisimulia, na hakiponywi kwa kubadilisha siku 14 kuwa 9 au 21. Kinaponywa na safu F na G, na kwa sharti la ziada kwamba ishara haihesabiwi ila siku ambayo mauzo yalikuwepo.

Hisa za bei ndogo zina tatizo jingine. Hisa ya shilingi 200 ikipanda shilingi 10 imepanda asilimia 5 kwa mkupuo mmoja, na RSI yake itaruka hata kama aliyenunua ni mtu mmoja mwenye haraka. Kwa hisa hizo, isome RSI kwa upana: 50 hadi 70 ni eneo moja, na tofauti ya 61 na 64 haina maana yoyote.

Vipo viashiria vingine maarufu. MACD huchukua tofauti ya wastani wa siku 12 na wa siku 26 uliopewa uzito zaidi kwa siku za karibuni, na kuilinganisha na wastani wake wa siku 9. Mikanda ya Bollinger huweka mistari miwili juu na chini ya wastani wa siku 20 kwa umbali wa mitawanyiko sanifu miwili, ambayo ni kipimo cha jinsi bei zinavyosambaa kuzunguka wastani. Ni vipimo vizuri, lakini vinatoka katika bei ileile ya safu B. Kuvirundika pamoja na vile ulivyo navyo ni kumsikiliza shahidi mmoja mara tatu. Ukitaka ushahidi mpya, utafute katika safu C, D na E.

Hatua ya sita: unganisha masharti

Rudi kwenye sentensi yako ya mwanzo na uigeuze kipande kwa kipande. Safu O, mstari wa 51:

=IF(AND(F51>=15,G51>=10000000,MEDIAN(E32:E51)>=5,C51>0,B51>H51,H51>I51,ISNUMBER(N51),N51>=50,N51<=70),"IMEPITA","")

Masharti matatu ya kwanza ni "inayouzwa siku nyingi na watu wengi". La nne linahakikisha mauzo yalikuwepo siku hiyo. Mawili yanayofuata ni "imekuwa ikipanda kwa wiki kadhaa". Yaliyobaki ni "haijapanda kwa pupa". ISNUMBER imewekwa kwa sababu: Excel huyaona maneno, hata yaliyo tupu, kuwa makubwa kuliko namba yoyote, kwa hiyo bila sharti hilo kisanduku kitupu cha RSI kingeweza kuhesabiwa kuwa kimezidi 50. Kompyuta yako ikikataa alama za mkato, tumia nukta-mkato badala yake. Ni suala la mpangilio wa lugha tu.

Baada ya fomula kufanya kazi, zihamishie namba 15, 10000000, 5, 50 na 70 katika karatasi ya pembeni uliyoiita Vigezo, na fomula izisome kutoka huko. Siku ukitaka kubadilisha kiwango utakibadilisha mahali pamoja, na mwenzako ataona ulichobadilisha.

Wavu wa matundu madogo hunasa hata vidagaa, na wa matundu makubwa hurudi mtupu. Ndivyo ilivyo kwa masharti haya. Kichujio kikipitisha nusu ya soko kila siku, hakikusaidii. Kikipitisha hisa moja kwa miezi sita, pengine kimebanwa mno. Lakini usikilegeze kwa sababu tu leo hakuna iliyopita. Katika soko dogo, siku nyingi jibu sahihi ni karatasi tupu.

Ili usizungukie karatasi zote kila jioni, tengeneza karatasi ya Muhtasari, uorodheshe kampuni, na mbele ya kila moja uvute jibu la siku ya mwisho:

=INDEX(CRDB!O:O,COUNT(CRDB!A:A)+1)

Fomula hii inahesabu tarehe zilizopo na kuongeza mstari wa vichwa. Itakosea ikiwa kuna mstari mtupu katikati au tarehe iliyosomwa kama maneno, na hiyo ndiyo sababu tulizisumbukia tarehe mapema.

Hatua ya saba: kipime kichujio kwa siku zilizopita

Weka alama pale ishara inapoanza upya, si kila siku inapoendelea. Safu P, mstari wa 52:

=IF(AND(O52="IMEPITA",O51<>"IMEPITA"),1,"")

Kisha pima matokeo baada ya siku 20 za soko, katika safu Q:

=IF(AND(P52=1,B73>0),B73/B53-1-Vigezo!$B$6,"")

Angalia mambo matatu katika fomula hii. Ununuzi umewekwa siku inayofuata, B53, kwa kuwa taarifa hutoka soko likishafungwa na hakuna anayeweza kununua kwa bei ya jana. B73 imetakiwa kuwa zaidi ya sifuri, la sivyo mistari ya mwisho, ambayo siku zake 20 hazijatimia, itasoma hasara ya asilimia 100 na kukutia homa bure. Na Vigezo!$B$6 ni jumla ya gharama za kununua na kuuza kwa asilimia. Muulize dalali wako jumla yote, pamoja na ada za soko, za mamlaka na kodi, kwa safari ya kwenda na kurudi. Tuseme amekutajia asilimia 4: basi kichujio kinachotoa faida ya asilimia 3 kwa mwezi kinakutia hasara kila mwezi, hata kama kila ishara yake ni ya kweli.

Linganisha matokeo hayo na mwendo wa faharisi ya TSI, yaani namba moja inayopima bei za hisa za kampuni za ndani peke yake, katika siku zilezile. Mwaka ambao soko zima limepanda, hata kichujio cha kubahatisha huonekana cha hekima.

Kishawishi kikubwa cha hatua hii ni kurekebisha namba mpaka historia ipendeze: 70 inakuwa 68, siku 20 zinakuwa 17, na ghafla kila ishara ya zamani ni ya faida. Kinga yake ni rahisi na inachosha. Tenga mwaka wa mwisho wa takwimu zako, usiuguse wakati wa kuchagua namba, kisha jaribu mara moja tu mwishoni. Ukiona ishara zote kwa pamoja ni chini ya thelathini, usitoe hukumu. Endelea kuandika bei.

Hatua ya nane: tazama nje ya jedwali

Hisa ikiisha kupita, zipo habari mbili ambazo lazima uzitafute kabla ya kupiga simu. Ya kwanza ni gawio. Daftari la wanahisa linapofungwa, mnunuzi mpya hapati gawio hilo, na bei hushuka kwa sababu hiyo tu. Jedwali lako litaona mporomoko na litakata hisa isiyo na kosa. Benki zetu kubwa hufanya mikutano yao mikuu karibu na Mei na Juni, hivyo katika kipindi hicho soma matangazo ya gawio kwanza.

Ya pili ni habari za umiliki. Mfano wake uko mlangoni kwetu. Mwaka 2021 ilitangazwa kwamba Scancem, kampuni ya kundi la HeidelbergCement, inakusudia kununua asilimia 68.33 ya Tanga Cement iliyokuwa mikononi mwa AfriSam. Shauri likafika katika Baraza la Ushindani, likazuiwa mwaka 2022, likaja kukamilika mwaka 2023, na baadaye kundi la Amsons likaingia katika umiliki. Kwa muda wote huo, anayetaka kujua bei ya hisa ile ingeelekea wapi alipaswa kusoma hukumu na barua za umma. Hakuna wastani wa siku 20 unaojua ni lini mkataba utatiwa saini. Kwa hiyo kampuni ikiwa katikati ya mauziano ya namna hii, iwekee alama katika Muhtasari na uiruke mpaka jambo liishe.

Hatua ya tisa: toa agizo

Ukiamua kununua, iwe kupitia dalali au kwa programu ya DSE ya Hisa Kiganjani, toa agizo lenye kikomo cha bei, usiagize "kwa bei yoyote iliyopo". Angalia kwanza katika taarifa ya siku kiasi cha hisa kilichosubiri kununuliwa na kilichosubiri kuuzwa. Wauzaji wakiwa wachache, agizo lisilo na kikomo linaweza kupandisha bei wewe mwenyewe ukiwa mnunuzi, na kesho jedwali lako litaisherehekea bei uliyoipandisha. Agizo lisipotimia ndani ya siku tano za soko, lifute na uangalie kama hisa bado inapita. Na kwa kuwa mwekezaji wa kawaida hapa hauzi hisa asiyokuwa nayo, hisa inapotoka kwenye kichujio maana yake kwako ni mojawapo ya mbili: kama hunayo, usiinunue, kama unayo, tazama bei uliyoandika siku ya kununua, toa gharama za kuuza, na uamue kwa namba hiyo.